Hodi ya Tatu

Mke wangu husema mguu wangu wa kulia utatoboa sakafu siku moja kwa kuigongagonga. Wiki ile ulikuwa hautulii hata kidogo. Nilikuwa nimetengeneza ukurasa wa mtandao wa shule moja ya wakunga hapa Kasongo, na majina ya walioomba nafasi yalikuwa yakiingia kwangu, katika kiofisi changu cha kuchapa barua karibu na soko. Mwisho ulikuwa Jumamosi saa sita mchana. Jina nililolitafuta ni la dada yangu, aliyeolewa mbali, kule Salamabila. Shule haikupokea mtu aliyepita miaka thelathini, naye alikuwa anaitimiza mwaka ule. Kumjazia fomu nisingeweza; namba ya diploma yake alikuwa nayo yeye. Na hakutaka.

"Nitapanda kilima, pale mtandao iko," aliniambia Jumatano. "Nitajiandikisha mwenyewe."

Alhamisi yaliingia majina ya Kasongo na Nyangwe. Ijumaa asubuhi vilevile. Salamabila hata moja. Nilipiga simu yake, haikupatikana. Nikanywa chai nimesimama, nikamkaripia mteja aliyeuliza tu kama karatasi iko. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini aliyesema hivyo hakuwa na dada Salamabila.

Mwishowe niliazima simu ya zamani ya jirani yangu, muuza vitenge, nikafungua ukurasa wangu nione wenye simu kama ile wanaona nini. Picha ya shule ilijichora kidogo kidogo, kisha fomu, kisha kitufe cha kutuma. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena.

Hapo nikaelewa kosa langu. Skripti, yaani maagizo yanayokifanya kitufe kifanye kazi, haiwezi kukishika kitufe ambacho hakijafika. Kwa hiyo, nilipotengeneza ukurasa, niliiandika iulize kwanza: ukurasa uko tayari? Ikikosa jibu, ingoje kidogo, iulize tena. Mara tatu, kisha iache. Kwenye kompyuta yangu jibu lilikuja mara ya kwanza. Kwenye kivinjari cha simu nzee, mtandao ukijikokota, jibu lilikuja wakati mwulizaji ameshaondoka.

Kwa nini mara tatu? Sikuisoma popote. Bibi yetu, mtu wa familia ya Kiislamu ya hapa mjini, ndiye aliyetulea mimi na dada. "Mutu anapiga hodi mara tatu," alikuwa akisema. "Kama hawaitiki, anarudi kwake. Hatusukumi mulango ya watu." Vidole vyangu viliandika nilivyolelewa, na mimi sikuona.

Kurekebisha hakukuchukua hata nusu saa, na hilo ndilo liliniudhi zaidi. Sasa skripti inatazama kwanza kama ukurasa umeshakuwa tayari. Kama bado, inakaa palepale mpaka kivinjari chenyewe kiiite. Haihesabu tena. Nilijaribu kwa simu ya jirani, kwa simu ya mke wangu, kwa kila kivinjari nilichokipata, na kitufe kiliitika kote. Kisha nikamtafuta dereva wa pikipiki anayekwenda Salamabila, nikampa ujumbe: mwambie dada yangu arudi kilimani, abonyeze tena.

"Barabara ya Kabambare iko matope, mukubwa," alisema. "Nitafika Jumapili."

"Nenda tu," nikamwambia.

Jumamosi nilikaa mbele ya skrini tangu asubuhi. Yaliingia majina mawili ya Salamabila, na moyo wangu ukaruka mara mbili. Hayakuwa yake. Saa sita ilipopita nilikwenda mbio kwa mkuu wa shule nikamwambia kosa ni langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa heshima. Nafasi zilikuwa zimejaa, alisema, na orodha imeshatumwa Kindu, mji mkuu wa jimbo.

Jumatatu dada alinipigia kutoka kilimani. Dereva alikuwa amemfikia.

"Kaka, nilikuja hapa Alhamisi," alisema. "Nilifinya ile butoni mara tatu. Haikuitika. Nikazani hawanitaki, nikashuka."

Nilikasirika, na hasira ile haikuwa juu yake.

"Kwa nini hukufinya tena?"

Akanijibu kwa upole, kama anayemkumbusha mwenzake jambo la nyumbani.

"Mara tatu, kaka. Si unajua."

Nilijua. Mguu wangu ulikuwa umetulia, kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze.