Kofi Nililisamehe

"Amekupiga?"

Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza mzee wa kanisa pale Kibondo, siku niliyokwenda kumshtaki mume wangu.

"Hapana, mzee. Hajanipiga."

"Sasa shida ni nini?"

Shida ilikuwa neno moja. Babu na bibi yangu walivuka kutoka Burundi wangali vijana, wakalima kijijini karibu na Kasulu mpaka wakazikwa hukohuko. Mama alizaliwa hapo, nami pia. Mume wangu aliyajua hayo tangu alipokuja kuniposa, akala ugali wa muhogo kwa mama na kuusifu. Lakini tulipohamia kwao Kibondo, kila tulipokosana aliniita mkimbizi. Maharage yakiungua, mkimbizi. Nikichelewa sokoni, mkimbizi. "Njia ya Manyovu ya kurudi Burundi unaijua," alikuwa akisema, wala hapandishi sauti, huku anafunga kamba za viatu.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikumbusha ule msemo wa zamani, kwamba maneno makali hayavunji mfupa, akanieleza na maana yake, kana kwamba sikulelewa nao: asiye na jeraha hana kesi. Akasali sala fupi. Nikarudi nyumbani.

Miaka miwili baadaye mume wangu alinizaba kofi, moja tu, kwa sababu ya ufunguo uliopotea. Mdomo ukapasuka. Jirani aliona damu, na kabla jua halijazama ukoo mzima ulikuwa umejaa sebuleni. Mama mkwe alilia. Mzee wa kanisa akamkemea mume wangu mbele ya watu, naye akapiga magoti.

"Umemsamehe?" mzee akaniuliza.

"Kofi nimelisamehe. Na lile neno?"

Wakatazamana.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "hayo si yalishakwisha?"

Mdomo ulipona kwa wiki moja. Hakunipiga tena. Neno aliendelea nalo.

Mwaka jana nilimwambia binti yetu wa miaka saba aingize kuni, mvua ilikuwa inakuja. Akagoma. Nilipomfokea akasema, "Kwanza wewe ni mkimbizi tu." Baba yake, aliyekuwa mlangoni, akacheka.

Wiki ileile nilimchukua mtoto, nikarudi Kasulu kwa mama. Sasa nauza dagaa sokoni. Mume alikuja mara mbili na baba yake mdogo, sikukubali kurudi. Kwao wanasema nimevunja ndoa kwa utani wa mtoto, na mimi nimechoka kueleza.

Juzi binti yangu aliniuliza mkimbizi ni nani. Nikamweleza: ni mtu aliyekimbia kwao asiuawe, kama babu na bibi yangu.

"Na mimi ni mkimbizi?"

"Hapana!" nikasema, upesi na kwa ukali, kama mtu aliyetukanwa. Mama alikuwa anachambua maharage pembeni. Alinitazama, akaendelea kuchambua.