Sharti la Mama Mukubwa Marie

Siku zile ukimwona Ngalula asubuhi anaipita mitumbwi yote ya hapa Kabuta, beseni kichwani, anaenda kununua samaki mbali kwa watu asiowajua, usifikiri ni kiburi. Ni woga. Hapa kwetu mwanamuke akipokea samaki wa mwanaume yuleyule kila asubuhi, akawapanga kwenye chanja chake wakauke, watu hawaulizi tena: huyo ni bwana yake. Na Ngalula hakuruhusiwa kuwa na bwana.

Nyumba ndiyo ilimufunga. Walipokimbia vita kule Kongo kuja huku, aliyemubeba mugongoni ni dada ya mama yake, Mama Mukubwa Marie. Mama huyo alijenga nyumba ya matofali ukingoni mwa ziwa, na alipoanza kuumwa akaita mukubwa wa kijiji na majirani. Akasema nyumba anamupa Ngalula tangu siku hiyo, ila siku atakapoolewa itamutoka, iende kwa Camille, mutoto wa kaka yake. Marie mwenyewe aliachwa na bwana akiwa na mimba, kwa hiyo alidhani anamulinda mutoto. Ulinzi gani huo, jamani!

Guy, muvuvi wa kisiwa cha Kilwa humuhumu ziwani, alimutaka Ngalula hadharani, akaleta hata wajomba zake. Ngalula alimupenda mpaka akakonda. Lakini mutu aliyelala chini ya turubai la wakimbizi hachezi na nyumba. Akakataa. Guy akangoja, akarudi, akakataliwa tena, akachoka, akamuoa Princesse kulekule kisiwani.

Marie akafa. Muda si muda upepo mukali ukamusukuma Guy hadi Kabuta na samaki wake wakaanza kuharibika. Ngalula akashindwa na moyo, akawapokea, akawaanika kwenye vyanja vyake. Upepo haukutulia, na kesho yake akapokea wengine. Camille akaviona vile vyanja, akakimbilia korti ya Nchelenge: Ngalula ana bwana, nyumba ni yangu.

Ikafika siku ya kesi. Ngalula alileta majirani waape kwamba hajawahi kumupikia Guy hata ugali. Guy naye alivuka ziwa na Princesse na mutoto wao mudogo, aoneshe kwamba ana bibi yake. Kumbe hakimu hakutaka habari za samaki. Alieleza kwamba Marie alishatoa nyumba kabisa, na sharti la kumukataza mutu asiolewe maisha yake yote halina nguvu kwa sheria. Sharti linaanguka, nyumba inabaki ya aliyepewa. Camille akatoka amenuna.

Ngalula akasimama. “Baba hakimu, hilo sharti limeanguka leo?”

“Halikusimama hata siku moja, mama. Ungeolewa hata kesho yake baada ya kupewa, nyumba ingebaki yako.”

Guy akainamisha kichwa. Majirani wakapiga vigelegele, wakidhani Ngalula analia kwa furaha. Alilia kwa uchungu, na kwa hasira juu ya marehemu, na akaona haya kumukasirikia mutu aliyemubeba mugongoni.

Princesse, mutu wa watu, asiyejua hata nusu ya mambo hayo, akamukumbatia. “Aksanti kwa Mungu, yaya, dada yangu mukubwa. Sasa uko na nyumba yako.” Alikuwa amechoka kubeba mutoto, basi Ngalula akamupokea. Akamubeba njia nzima mpaka ziwani, mutoto akalala begani pake, mukono mudogo umeshika kitenge chake. Guy akasukuma mutumbwi majini, Princesse akapanda, akanyoosha mikono amupokee mutoto.

Ngalula akamurudisha.