Unga Mweupe Chini ya Kitanda

Jambo hili nilikuwa silisimulii, nyie mnalitaka tu kwa sababu mmeshalisikia nusu, na hiyo nusu mliyoisikia ndiyo mbaya zaidi, basi afadhali mnicheke kwa habari kamili.

Wakati ule ngano ya Hanang ililimwa na serikali, na mume wangu Emanueli alikuwa mtunza stoo kwenye shamba mojawapo, ndiyo maana tuliishi kambini, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta. Ndani ya stoo kulikuwa na mbegu, madawa, na mbolea ya chumvichumvi, ile nyeupe. Mimi nililima nyanya nyuma ya nyumba, na msimu wa kwanza zote ziliniozea kitakoni, nyeusi kama zimechomwa na kaa, nikalia. Ndipo nikakumbuka sista mmoja aliyetufundisha bustani nikiwa msichana, alisema maganda ya mayai ukiyakausha ukayatwanga, ukaweka kwenye shina, nyanya inaacha kuoza. Sasa maganda nitayatoa wapi (kuku wangu mwewe alishawamaliza, yai kwetu tulilionja Pasaka)? Lakini kwenye nyumba ya wageni ya kambi, wataalamu waliokuja shambani walikula mayai kila asubuhi, na maganda yakatupwa shimo la taka nyuma ya jiko.

Nikaanza kwenda alfajiri kabla mpishi hajaamka, naokota, nafunga kwenye kanga, narudi kimya. Mke wa mtunza stoo kuonekana ndani ya shimo pamoja na mbwa! Hata Emanueli sikumwambia, nilisema tu natwanga dawa ya nyanya. Na ule unga, kwa sababu sikutaka upate unyevu, nikautia kwenye mfuko mtupu wa mbolea ambao upepo ulikuwa umeuleta mpaka kwenye ua wetu, nikausukuma chini ya kitanda.

Msimu huo nyanya zilitoka, jamani. Mama Safari, jirani wa ukuta mmoja, ambaye zake zilikuwa bado zinaoza, akaja kuniuliza nazipa nini. Ningemwambia, yangeishia pale pale. Mimi nikamjibu kwamba ni mkono tu, wengine Mungu amewapa mkono wa kuotesha. Alizitazama nyanya, akatazama upande wa stoo, akaondoka bila kuaga.

Kuanzia hapo salamu zikawa fupi. Nikifika bombani wanawake wananyamaza, mlinzi wa kambi naye akawa kila jioni anapita nyuma ya nyumba yangu eti anatafuta mbuzi (sikuwahi kumwona na mbuzi hata mmoja). Halafu siku moja Emanueli akarudi hataki kula. Mbolea imepungua stoo, na ufunguo anao yeye. Akaniuliza ile dawa ya nyanya naipata kwa nani. Nikamwambia ni mambo ya wanawake. Lakini moyoni nikaanza kumshuku yeye, kwa nini aniulize hivyo kama hana lake? Tukalala kitanda kimoja kila mtu akimchunguza mwenzake, na mfuko uko chini yetu.

Jumapili iliyofuata baba mkwe, mzee Tluway wa Tumati, alipita kwetu akitoka Haydom kutibiwa macho, jicho moja limefungwa kitambaa. Nimemwamkia, nimemwekea ugali na mchicha wa nyanya, hajamaliza tonge la pili, hodi. Msimamizi wa shamba na mlinzi, nyuma yao nusu ya kambi imetoka kanisani, Mama Safari mbele na kitabu chake cha nyimbo. Msimamizi akamwamkia mzee kwa heshima, akaomba radhi, akasema wameagizwa kuangalia ndani. Mlinzi hakutafuta. Aliingia moja kwa moja chumbani akatoka na mfuko.

Emanueli akanitazama kama mtu aliyeletewa mke wa mtu mwingine.

Nikasema si mbolea. Msimamizi akauliza basi ni nini. Ningesemaje mbele ya mkwe kwamba ni taka? Akili iliniruka, nikaingiza mkono kwenye mfuko, nikachota unga, nikautia wote mdomoni ili waone kwamba hauniui. Ukanipalia. Nikakohoa wingu jeupe, likaangukia koti la msimamizi la Jumapili na sahani ya baba mkwe. Walipokwisha kuninywesha maji nikatamka, "Ni maganda ya mayai."

Msimamizi akausugua ule unga viganjani, akakuta kipande cha ganda chenye ngozi yake ya ndani, akaamini. Nikashusha pumzi. Kisha akautazama mfuko ulivyojaa, uso ukabadilika tena.

"Mayai yote haya mnayatoa wapi?"

Kabla sijajibu, baba mkwe akaweka tonge chini, akanigeuzia lile jicho lake moja.

"Mimi nikija hapa ni mchicha," alisema polepole. "Kila nikija, mchicha."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Nikainama nikasema naokota kwenye shimo la taka la wageni. Wakamwita mpishi, naye akakubali kwamba kila siku anakuta shimo limefukuliwa, akadhani ni fisi, na kesho yake alikuwa amepanga kuweka sumu. Mama Safari akajiziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Emanueli akanishika mkono, akanikalisha.

Mbolea ilikuja kuonekana imeshushwa kwa makosa kwenye stoo ya shamba jirani, na mume wangu akabaki na kazi yake. Baba mkwe hakulitaja tena, ila alipoondoka alinipa mkono kwa ncha za vidole tu, kama bado nanuka shimo.

Nikampelekea Mama Safari bakuli zima la unga, nikamweleza yote, kuokota, kukausha, kutwanga. Akalipokea, akanusa, akachungulia nyuma yangu.

"Na kile kingine unachochanganya?"

Hakipo, nikamwambia. Mpaka tunahama kambi hakuniamini. Ndugu zangu, ukweli usemeni siku ya kwanza mnapoulizwa, ukilala hauna mnunuzi. Mimi siku hizi mtu akisimama tu kwenye bustani yangu, hata kama amekuja kuuliza njia, namweleza maganda.