Fimbo ya Kipande Kimoja

Feruzi alijifunza kukereza mbao kwa Mbelgiji mmoja wa Stanleyville ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alikereza miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, vishikio vya milango ya watu ambao asingeingia sebuleni mwao. Mwaka wa uhuru yule mzungu alipanda ndege na sanduku moja, akamwachia ufunguo wa karakana kana kwamba anakwenda kula chakula cha mchana tu. Mashine ikabaki, Feruzi akabaki nayo. Akaanza kuamini kwamba mambo makubwa ya dunia yanaweza kupita bila kumwona mtu aliyeinamia kazi yake.

Waasi walipouchukua mji, Agosti ya 1964, walianza na waliovaa tai. Alfani, mdogo wake Feruzi, alikuwa karani. Walimtoa ofisini akiwa bado ameshika kalamu, wakamfungia katika ghala moja karibu na mto pamoja na makarani wengine, na kila asubuhi idadi yao ilipungua.

Siku ya tatu Feruzi alikwenda kumwombea. Aliyekuwa na mamlaka pale ni Komanda Constant, ambaye kabla ya vita alikuwa akiendesha lori barabara ya Banalia. Alimsikiliza kwa upole, akamwonya tu asisogee, kwa kuwa mtu aliyechanjwa dawa ya vita haguswi na mtu wa hivi hivi. Halafu akamweleza anachotaka. Alitaka fimbo ya uongozi, nyeusi, ndefu, yenye kichwa cha mviringo. Mganga wao alikuwa amesema iwe ya mti mmoja, bila msumari wala gundi, kwani dawa haivuki kiungo. Ailete Ijumaa adhuhuri, aondoke na ndugu yake.

"Kipande moya, papa fundi," alisema Constant. "Nikikuta umeunga, na miye nitawaunga nyinyi mbili mu shimo moya."

Askari wake walicheka. Feruzi naye akacheka kidogo, na alijichukia njia nzima ya kurudi.

Karakanani palikuwa na gogo moja tu la wenge, ule mti mweusi mgumu, lenye urefu ule, lililokauka tangu wakati wa mzungu. Viwanda vya mbao vilikuwa vimefungwa na njia zote zilikuwa na askari. Alhamisi asubuhi alilifunga kwenye mashine. Umeme siku hizo ulikuwa ukizama na kuibuka, maana mafundi wake walikuwa wamekimbia. Kila aliyefanya kazi kwa umeme huo alijua la kufanya: mashine ikilegea, unaondoa patasi na kungoja. Feruzi alijua kuliko wote. Lakini alikuwa akiwaza ile idadi inayopungua, akaona kungoja ni kupoteza. Mashine ilipolegea aliacha patasi juu ya mti. Umeme ukarudi kwa nguvu, chuma kikauma, fimbo ikaruka na kugonga ukuta. Ilipoanguka ilikuwa vipande viwili, imevunjika shubiri mbili chini ya kichwa.

Alikaa sakafuni, damu ikimtoka shavuni, akatazama vile vipande kwa muda mrefu. Kisha akainuka akafanya alichojua kufanya. Alikata sehemu zilizochanika. Kipande kimoja akakikereza ulimi, kingine akakitoboa tundu la kuupokea. Alizungusha ulimi ndani ya tundu polepole mpaka mishipa ya mti ikakutana kama haijawahi kuachana. Akatia gundi ya moto, akakaza kwa mpira wa baiskeli. Palipokuwa na mshono akachonga pete nyembamba, na chini yake pete nyingine mbili, ili ya kwanza isiwe peke yake. Alipaka masizi na mawese. Ijumaa asubuhi alipitisha ukucha juu ya kiungo, hakukisikia. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na hapakuwa na mtu wa kuonyeshwa.

Aliilaza chini mbele ya Constant, akarudi nyuma hatua tatu. Constant akaiokota, akaigeuza juani, akapitisha kidole gumba kichwani, shingoni, kwenye pete. Akasifu. Kisha akasema kitu kisichojaribiwa si kitu, akaagiza Alfani aletwe.

Walimleta bila shati. Constant akavuta pumzi, akampiga kwa ile fimbo mgongoni.

Feruzi aliisikiliza fimbo. Kiungo kilicholegea kina sauti yake, kavu, na mtu wa mbao huitambua kabla mwingine hajaona lolote. Pigo la kwanza lilikuwa na sauti nzima. La pili vilevile. Gundi ilikuwa haijamaliza hata siku moja. Shika, aliuambia ule ulimi moyoni, shika. Fimbo ilipotua kwenye nyama alishukuru, maana nyama ni laini. Ilipotafuta mfupa, alitega sikio zaidi. Kuna wakati pigo lilitua vizuri kabisa, bapa, katikati ya mgongo, naye akafurahi.

Constant alipochoka, aliegemea fimbo yake akitweta. Akasema papa huyu ni fundi kweli, na kwamba yeye akiahidi, ameahidi. Feruzi akambeba ndugu yake mpaka nyumbani.

Alfani hakufa. Mwezi mzima alilala kifudifudi, na mkojo wake ulikuwa mwekundu. Mkewe, Nyota, alimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Feruzi alikuja kila alasiri, akikaa kwenye kiti kile kile. Siku moja Alfani akamwambia kaka yake, bila kugeuza kichwa:

"Yaya, nilikuita. Mara mbili nilikuita. Weye ulikuwa unaangalia fimbo."

Feruzi alimweleza yote. Umeme, mti uliovunjika, ulimi na tundu, na kwamba kiungo kingefunguka pale wangekufa wote wawili. Alieleza kwa kirefu, kama mtu anayeeleza kazi. Nyota aliacha kukanda, akasikiliza, kitambaa kikimdondokea maji mapajani.

"Na kiungo kilishika muzuri?" Alfani aliuliza.

"Kilishika."

"Bon, muzuri," alisema Alfani, akageuzia uso ukutani.