Wifi Kaandika Jina la Mwanangu Kwenye Mwamba wa Michoro

Admin naomba unifichie jina, na wanaonijua wakisoma watulie tu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na mbili, niliishia darasa la saba, nina mtoto mmoja wa kike. Naishi na mume wangu huku Iramba, Singida, kijiji nilichozaliwa. Yeye ni wa mjini, alikuja kununua alizeti akaniona, akahamia. Ni mwanaume mzuri, sitamsema vibaya. Ninayemsema ni dada yake.

Juu ya kijiji kuna mwamba wenye michoro ya zamani sana, twiga na watu wembamba wa rangi nyekundu. Kwenye ukoo wetu kila mtoto akishatimiza mwaka anapandishwa pale baada ya mavuno, jina lake linatamkwa mbele ya michoro, basi amekuwa wetu. Wageni nao wanakaribishwa, hatuna roho mbaya. Unapita kwanza kwa mjomba wangu, ndiye mtunzaji, unamwamkia, unasema umekuja kuona. Kula unakula, lakini chini kwenye miti, siyo pale ukutani. Moto huwashi, mchoro hugusi, na ulichokuja nacho unaondoka nacho. Mtoto wa chekechea anaelewa hayo.

Wifi haelewi. Mwanangu alipotimiza mwaka akasema tukamfanyie pikiniki pale, eti picha zitatoka kali. Akaja na mashoga zake wa mjini, maputo, spika, keki na jiko la mkaa. Mmoja kavaa visigino kupanda mawe, anashikiliwa huku na huku kama bibi harusi. Nikamwambia wifi tupite kwa mjomba kwanza. Akawageukia wenzake: "Jamani mnasikia? Tukaombe ruhusa ya kula mishikaki." Wakaniita bibi mizimu mchana kutwa. Watu wazima wale, wanachojua ni kupozi na kutafuna. Upepo ulipowasumbua, jiko wakalisogeza ukutani kabisa, moshi ukapanda kwenye twiga, halafu wakairushia michoro maji ya chupa ili rangi ikolee kwenye simu. Nikasema, wakaongeza sauti ya spika.

Mtoto akalia, nikasogea nyuma ya jiwe kumnyonyesha. Kurudi, nakuta wifi ameandika kwa mkaa, herufi kubwa, jina la mwanangu na hepi besidei, juu ya shingo ya twiga. Machozi yakanitoka. Kuona nalia, akachomoa waipsi za mtoto kwenye mkoba wangu akasugua. Mkaa ukasambaa tu, jina bado linasomeka, ila waipsi ikatoka nyekundu. Ile nyekundu ndiyo shingo ya twiga. Akaitupa kwenye majani akaniambia, "Wifi, michoro tu hiyo, si mtu atachora mingine."

Mjomba ameona. Hapa kijijini hakuna mtoto mwingine mwenye jina hilo. Hakunifokea, aliniuliza tu kama nilikuwepo, nikamjibu ndiyo, akainama. Jumapili kuna kikao cha ukoo, na sheria inajulikana: aliyeharibu mwamba, watoto wake hawapandishwi.

Nikategemea mume atamwita dada yake aje aombe radhi. Kumbe wifi anaolewa mwezi ujao, wakwe zake ni watu wa huku huku, wakisikia wanaweza kughairi. Amenitumia sauti eti nisimharibie shughuli kwa ajili ya jiwe. Ameshindwa hata kuuliza mtoto anaendeleaje. Juzi tukiwa tunapepeta mtama, mume wangu akasema bila kunitazama, "Mama nanii, sema ni wewe. Wewe ni wa hapa, watakusamehe." Nikamuuliza, na mtoto? Akasema mtoto hajui kitu.

Atajua. Wenzake watapandishwa, yeye atabaki nami uani akiuliza kwa nini. Nikimtaja wifi, mume anasema nifungashe nirudi kwetu, na kwetu ni nyumba ya tatu kutoka hapa, nitamwona kila asubuhi akipita na baiskeli. Nampenda, na naamini hasira zake zitashuka. Lakini naogopa.

Wenye ndoa zenu, nishaurini kabla ya Jumapili. Moyo wangu umeshamtaja wifi, mdomo ndio unawasubiri ninyi.