Betri Ipumzike

Nimezaliwa na mikono isiyotulia. Nikiona chuma, nakipaka mafuta. Hewa ya Dar es Salaam ina chumvi, kisu ukikiacha wiki moja kimeshika kutu, na mama alinilea hivyo: cherehani, bawaba za mlango, mbuzi ya kukunia nazi, vyote vipate mafuta ya nazi kabla ya Idi. Malezi hayo siyajutii. Ila kuna Idi moja, wakati tukiwa bado chini ya Mwingereza, ambayo nikiikumbuka natamani ningekuwa mvivu.

Mume wangu alikuwa mtu wa kusini, fundi katika karakana ya reli. Baba yangu, mzee wa Kigamboni, hakuliamini hilo hata kidogo. Alisema yule ni mfagiaji aliyejiita fundi ili apewe binti. Ndoa ilifungwa kwa sababu mama alisimama kidete, lakini kwa miaka minne baba hakukanyaga nyumba yetu ya Temeke. Mume wangu hakulalamika. Kila akirudi kazini alinawa mikono, kisha akaniuliza, "Mzee hajambo?" kana kwamba baba alipita jana.

Mzungu mmoja wa pale karakana, alipokuwa anarudi kwao, alimpa mume wangu boksi. Ndani mlikuwa na treni ndogo ya umeme, mabehewa matatu, na vipande vya reli vya kuunganisha. Nyumba yetu haikuwa na umeme. Tuliwasha kandili kama majirani wote. Akaazima betri ya gari kwa rafiki yake wa gereji, akapanga reli duara juu ya mlango wa zamani uliolazwa sakafuni, akafunga waya mbili na swichi. Treni ikatembea! Nilipiga kigelegele ingawa tulikuwa wawili tu.

Siku ya pili yake akavuka mwenyewe kwenda Kigamboni kumwalika baba aje aione. Jibu alilorudi nalo lilikuwa hili: "Idi mosi nakuja. Nikiiona inatembea, nitakula chakula chako. Isipotembea, nitajua ulinidanganya tangu siku ya posa."

Mkesha wa Idi, mume wangu alipokwenda sokoni, nilifanya usafi. Nilipofika kwenye reli nikaona madoa ya kutu. Baba anakuja, na reli zina kutu? Nikachukua mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe nikazipaka zote, duara zima, na magurudumu pia. Sikubania. Ziling'aa mpaka nikajisifu.

Baba alikuja baada ya swala, kanzu imenyooka. Tulimpa kiti chetu kimoja cha maana. Nilipoleta pilau akaisukuma kando. "Kwanza treni," alisema. Majirani wanaume walikuwa wamejaa mkekani na watoto mlangoni. Mume wangu akazungusha swichi. Treni ikatetemeka, ikaenda shubiri moja, ikasimama.

Akaisukuma kwa kidole. Ikasogea, ikasimama. Akachukua balbu ya taa ya gari akaigusisha kwenye betri, ikawaka, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Akaigeuza injini chali, akabana waya kwenye magurudumu, yakazunguka vizuri. Akairudisha relini: kimya. Mtu asiye na hofu angeelewa papo hapo. Yeye jasho lilikuwa linamtiririka hadi puani, na baba alikuwa anamtazama yeye, si treni.

Akatoa kisu, akaanza kukwangua ncha za waya. "Umeme unataka chuma kitupu, mzee," alieleza. "Kukiwa na uchafu kidogo tu, haupiti."

Nilikuwa nimesimama kwenye pazia na sinia la kahawa. Nikaliweka chini.

Ningefanya nini? Kuingia katikati ya wanaume na kutangaza kwamba mke wa fundi kazipaka reli mafuta kama mtoto anayetoka kuogeshwa? Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wao hawakuwa na baba yangu. Nikamwita mume wangu aje uani mara moja. "Subiri, mke wangu, nakaribia," akajibu bila kuinua kichwa. Nikamwita tena. "Nakaribia." Mara ya tatu akazidi kuinamia waya.

Baba akasimama. "Kivuko hakimsubiri mtu," akasema. Akanitazama, akatazama sahani ya pilau iliyopoa, akatafuta viatu vyake. Mume wangu akaacha kisu akamsindikiza mpaka barabarani, maana mkwe husindikizwa hata akikuvunjia heshima.

Wageni walipotawanyika nikapiga magoti. Nikatia mafuta ya taa kwenye pindo la kanga yangu mpya ya Idi, nikazifuta reli zote, nikafuta na magurudumu, huku nalia kwa hasira. Aliporudi akaketi akiegemea ukuta. Nikamwambia, "Jaribu tena."

Ikatembea. Ikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikikipita kile kiti. Watoto wakarudi mbio wakishangilia. Mume wangu akasema taratibu, "Betri ilikuwa imechoka. Ilitaka kupumzika kidogo tu. Mzee angesubiri."

Nikasema, "Ndiyo."

Kila Idi baada ya ile aliipanga treni na reli zake, akaweka kiti cha mzee karibu na mlango, akatuzuia tusiguse swichi kwa saa nzima ili betri ipumzike. Mimi nilizifuta reli kwa mafuta ya taa wakati yuko msikitini. Ilitembea kila mara. Baba hakuja tena, na mimi sikusema. Hata mume wangu alipougua ugonjwa wake wa mwisho, Ramadhani ikielekea ukingoni, aliniusia kwamba betri iazimwe mapema, isije ikafika siku yenyewe ikiwa imechoka, huenda mzee akaja.