Mpunga wa Kuala Rembai

Nehemiah Owiti hashoni kitu asichokijua. Nimekaa naye chumba kimoja miaka mitano hapa Riyadh, na tabia hiyo imeninyima usingizi kuliko joto lenyewe. Ukimletea nembo ya mkahawa yenye samaki, atakuuliza ni samaki gani. Ukimwambia samaki ni samaki, ananuna, kisha anapekua kwenye simu mpaka ajue mapezi yanakaa wapi. Bosi wetu, Abu Rakan, humvumilia kwa sababu moja tu: katika duka zima la tarizi pale Sulimaniyah hakuna mkono kama wake.

Mimi ni Danson, dereva wa duka. Nabeba vitambaa vikiingia na nabeba mzigo ukitoka, na katikati hapo nasikiliza maneno ya Nehemiah, kazi ambayo silipwi.

Alizaliwa Ahero, kwenye mashamba ya mpunga nje ya Kisumu. Mama yake, Zipporah, alimlea peke yake kwa kipande kidogo cha shamba, na kabla ya kwenda shule kijana alikuwa akishinda matopeni akifukuza ndege kwa kugonga debe. Baadaye alijifunza kushona mjini Kisumu kwa fundi wa beji za shule. Mpaka leo ukimtajia shule yoyote ya upande ule atakuchorea beji yake, pamoja na maneno ya chini. Kisha ajenti, pasipoti, ndege, ikama ya kuishi huku. Sehemu hiyo tunafanana sote, sina haja ya kuirudia.

Mwaka huu mama yake alianza kupoteza macho. Presha ya macho, daktari alisema, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mama Zipporah akamtumia mwanawe ujumbe wa sauti. Nehemiah alinisikilizisha mara mbili ingawa Kijaluo sikijui, halafu akanieleza polepole: "Anasema, njoo nikuone wakati bado naona."

Miaka minne alikuwa hajaenda nyumbani. Aliomba ruhusa ya kutoka na kurudi, bosi akasema ngoja kwanza msimu wa Ramadhani upite. Ukapita. Akaomba tena, fundi mwingine akawa ameacha kazi wiki hiyohiyo, bosi akasema mafi, hakuna wa kukaa kwenye mashine. Nilikasirika mimi kuliko yeye. Yeye alirudi kwenye kiti chake akaendelea kushona jina la kampuni ya walinzi, na mgongo wake ndio ulionihuzunisha.

Ndipo ikaja kazi ya Malaysia.

Tuna mteja wa siku nyingi, injinia kutoka Malaysia. Watu arobaini na sita wa mji wao, Kuala Rembai, walikuja umra. Siku yao ya mwisho wangekuwa Jeddah, wazunguke Balad, mji wa kale, wanunue zawadi, halafu jioni wapande ndege. Kwao baraza la mji lilikuwa linaadhimisha miaka hamsini, na wao wangeshuka na kupokelewa wamejitanda mashali yenye nembo ya mji. Injinia alijitolea kuyagharimia.

Abu Rakan akamwita Nehemiah mbele yangu. "Kazi iwe safi," alisema. "Ukiniletea karatasi ya kupokea mzigo yenye sahihi ya kiongozi wao, ruhusa yako naibonyeza kwenye simu siku hiyohiyo. Wakikataa mzigo, ni mwakani."

Bosi wetu si mtu mbaya. Ila akisema kitu, kimesemwa.

Nehemiah akaanza kumchosha injinia kwa maswali. Kwa wiki moja chumba chetu kilikuwa darasa la Kuala Rembai, na mimi, niliyezaliwa Wote huko Makueni, nikawa naijua historia ya mji wa watu kuliko ya kwetu. Kuala, tuliambiwa, ni pale mto unapomwaga maji yake. Mji ulianza kwenye gati la mto, mahali pa kupimia madini ya bati. Wachimbaji walitoka Uchina, wakulima walikuwa Wamalay wa palepale, na kila mmoja alimhitaji mwenzake. Mafuriko yakaja yakazoa soko lote. Wakahamia mlimani, wakajenga mnara wa saa wenye kengele, ili siku mto ukipanda tena watu wasikie na kukimbia. Mto haukupanda tena. Saa nayo ikasimama, na hawajaitengeneza.

"Si waitengeneze?" niliuliza.

"Watu wamezoea, bro. Wanaahidiana hapo tu wakitaka kukutana. Tuonane chini ya saa."

Yote hayo yalikuwa kwenye nembo. Mnara katikati, mawimbi mawili ya buluu chini yake, chombo cha kuchotea bati juu, na pembeni, huku na huku, mashuke mawili ya mpunga kwa ajili ya wakulima waliowalisha wachimbaji.

Desturi ya Nehemiah ni kuchora kwanza kwa penseli. Mafundi wengine huingiza picha kwenye kompyuta ya mashine na kuiacha ijitafutie njia ya uzi. Yeye huitazama picha mpaka aielewe, huiweka kando, kisha huchora kwa kichwa chake, na mchoro huo ndio anaoupa mashine. Anasema ukinakili bila kuelewa, uzi unajua. Alichora, akashona ya kwanza, akaipiga picha na kumtumia injinia. Injinia alikuwa kazini, akajibu kwa kidole gumba. Nami niliitazama nikaisifu. Mimi mpunga naujua ukishakuwa wali.

Alishona arobaini na sita, na moja ya akiba, kwa sababu sindano huvunjika.

Tulitoka Riyadh alfajiri, na Jeddah tukafika magharibi, mgongo wangu ukinidai talaka. Nehemiah alikuja nami ili kama kuna uzi unaoning'inia aukate hapohapo. Kesho yake mchana tukaegesha gari nje ya Balad, tukabeba maboksi begani kupita vichochoro vya nyumba za mawe ya matumbawe mpaka hotelini kwao. Basi lao la uwanja wa ndege lilikuwa la saa tisa. Tuliingia saa saba.

Kiongozi wao alikuwa Bwana Hamdan, karani wa baraza la mji, mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alitupokea vizuri kwa Kiingereza cha pole. Alifungua boksi, akatoa shali moja, akalinyoosha. Uso wake ukabadilika.

"Mpunga huu umeinama," alisema.

Nehemiah hakuelewa. "Ndiyo, bwana."

Bwana Hamdan akatoa barua yenye nembo ya baraza, akaiweka kando ya shali. Hapo hata mimi wa Makueni niliona. Kwenye barua mashuke yalisimama wima, yamenyooka juu sambamba na mnara. Kwenye mashali yetu yote yalikuwa yamejipinda, vichwa vizito vikitazama chini, mashuke yaliyobakiza siku chache kukatwa.

Nehemiah alishika ukingo wa meza. "Sikujua," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wallahi Danson, sikufanya makusudi. Nilichora mpunga. Mkono ulichora ule naoujua."

"Fundi," alisema Bwana Hamdan, bila kufoka, "hii ni nembo. Ilipitishwa na baraza miaka hamsini iliyopita. Kila mtu akirekebisha anavyojua yeye, mwisho tutabaki na nini? Siwezi kushuka na hii mbele ya mwenyekiti."

Ningependa kusema mtu huyo alikuwa na roho mbaya, hadithi ingekuwa tamu zaidi. Alikuwa na haki yake kabisa. Na ile karatasi ya bosi ilikuwa mkononi mwangu, haina sahihi.

"Nitafumua," Nehemiah alisema.

"Omera, ndugu yangu, arobaini na sita? Uko sawa kichwani?" nilimuuliza.

"Nipe wembe."

Akaketi kwenye kochi la mapokezi, akaweka shali mapajani, akaanza kukata nyuzi za shuke la kwanza moja baada ya nyingine. Shuke moja lilimchukua robo saa, na hata akimaliza kufumua, mashine ya kushonea tena ilikuwa Riyadh. Nilijua. Alijua. Alikuwa anafumua tu kwa kuwa hakuweza kukaa bure akitazama macho ya mama yake yakienda. Nilitoka nje nikasimama kichochoroni kidogo, maana nilihisi nitalia mbele ya wageni.

Niliporudi, wazee walikuwa wameanza kurudi kutoka sokoni na mifuko yao ya tende na misala. Bibi mmoja mfupi, ambaye wote walimwita Makcik Rokiah, yaani mama mdogo, alisimama mbele ya Nehemiah akitazama anachofanya. Akachukua shali jingine kwenye boksi. Akalisogeza karibu na macho, akalisogeza mbali. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekutana na jirani ugenini, akaita wenzake.

Wakajazana. Bwana Hamdan akaeleza kosa kwa lugha yao, akionyesha barua. Bibi alitikisa kichwa. Alisimamisha mkono wake wima kabisa, akausugua kwa mkono wa pili, akatupa juu makapi yasiyoonekana. Hakuna kitu. Kisha akauinamisha mkono taratibu kutoka kwenye kiwiko mpaka kiganja kikaning'inia, akamwangalia Nehemiah.

Nehemiah alisimama. Akainamisha wake vilevile, kisha kwa mkono mwingine akagonga debe lisilokuwepo na kupiga kelele za kufukuza ndege, "Hoo! Hoo!" katikati ya mapokezi ya hoteli. Mtu wa makamo! Bibi akampokea, naye akapiga za kwao. Mhudumu wa mapokezi alifikiri kuna ugomvi.

"Anasemaje?" nilimuuliza Bwana Hamdan, bibi alipoanza kuongea kwa kirefu.

Karani alisita. Si rahisi kutafsiri maneno yanayokupinga. "Anasema mchoraji wa nembo alitoka mji mkuu, hakuwahi kukanyaga shamba. Anasema mwaka mmoja wadudu walinyonya mpunga ukiwa mchanga, ukasimama hivyo kama kwenye barua yangu, na walikula mihogo miezi minne. Anasema..." Akamsikiliza tena bibi. "Shamba lake sasa ni nyumba za watu. Mashamba yetu sote ni nyumba za watu. Anasema miaka hamsini baraza linamvalisha mwaka wa njaa."

Kisha Makcik Rokiah akauchukua wembe mkononi mwa Nehemiah, akaukunja kwenye kitambaa, akamrudishia. Akajitanda shali. Wenzake wakaja kwenye boksi mmoja mmoja, na hakuna aliyeuliza kama inaruhusiwa.

Bwana Hamdan alibaki na kalamu. Saa tisa kasoro dakika kumi basi lilipiga honi. Alitazama watu wake, akaniomba karatasi. Aliandika: mashali yamepokelewa arobaini na sita, mpunga si kama mchoro. Akatia sahihi. Mtu mkweli, angeandika nini kingine?

Yeye mwenyewe alichukua lile lililofumuliwa, upande mmoja lina shuke, upande wa pili matundu ya sindano. "Hili nitamweleza mwenyekiti," alisema. Kisha akaona lile la akiba chini ya boksi, akampa Nehemiah kwa mikono miwili. "Hili halimo kwenye hesabu yangu."

Tuliipiga picha karatasi, tukamtumia bosi. Simu ya Nehemiah ililia kabla hatujafika kwenye gari, akaiweka spika.

"Si kama mchoro, maana yake nini?"

Nilimkonyeza Nehemiah adanganye. Hakudanganya. "Bosi, nilikosea. Niliuinamisha mpunga."

Nilisikia mashine za duka zikilia kule Riyadh.

"Wamechukua?"

"Wamechukua, bosi."

"Yote?"

"Yote."

"Halas, imekwisha," alisema Abu Rakan, akakata. Tuliingia garini. Baada ya dakika ishirini simu ya Nehemiah ikatoa mlio mfupi, ruhusa ikiwa imeingia, siku arobaini na tano. Alifunika uso kwa lile shali akalia, nami sikumtania.

Alisafiri Jumamosi. Jumatatu alinipigia simu ya video kutoka Ahero. Nilikuwa nasubiri mzigo nje ya duka, jua likinichoma. Akamwonyesha mama yake, mwembamba, ameketi mlangoni na shali la Kuala Rembai mapajani.

"Alikuona?" niliuliza.

"Aliona mtu anakuja. Akasema huyo anatembea kama Nehemiah. Uso hauoni vizuri, Danson. Akiukaribia sana, upande mmoja anauona. Jana alinitazama upande huo mpaka chai ikapoa."

Mama Zipporah alikuwa akipapasa ile nembo kwa vidole. Alipita mawimbi, alipita mnara bila kujali, akafika kwenye nyuzi za pembeni, akasimama. Alirudi mwanzo wa shuke, akalifuata lote kwa kidole chake mpaka pale linapoinama. Akasema kitu kwa Kijaluo, kwa ukali, na Nehemiah akaangua kicheko huku machozi yakimtoka.

"Anasemaje?"

"Anasema huu umeshaiva. Anauliza tunangoja nini kuuvuna."